Moto Chini ya Barafu: Aisilandi Ilivyojifunza Kuipima Ardhi Yake

Nchini Aisilandi karibu kila chombo cha kupimia kina msiba uliokizaa. Kipima tetemeko kilichofukiwa pembeni mwa shamba la kondoo, kipima maji kilichofungwa kwenye nguzo ya daraja, antena iliyosimikwa juu ya mwamba wa lava: uliza kiliwekwa lini, na mara nyingi utakuta kuwa miaka michache kabla yake watu walikufa, daraja lilisombwa au mji ulifukiwa.

Kisiwa hicho cha kilomita za mraba 103,000 kiko kaskazini mwa Atlantiki, juu ya mpasuko ambako bamba la Amerika Kaskazini na lile la Ulaya na Asia yanaachana kwa takriban sentimita 2 kila mwaka. Msomaji wa Naivasha au Arusha anayelijua Bonde la Ufa hahitaji maelezo marefu kuhusu nchi inayopasuka. Ajabu ya Aisilandi ni kwamba kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ardhi yake imefunikwa na barafuto, yaani barafu nene inayoteremka polepole kwa uzito wake yenyewe. Barafuto kubwa kuliko zote, Vatnajökull, ina unene wa mamia ya mita, na chini yake zimelala volkano kadhaa zilizo hai. Volkano ikilipuka chini ya barafu, mara nyingi kinachowafikia wakulima kwanza ni maji. Barafu huyeyuka, maji hujikusanya gizani, kisha siku moja huinyanyua barafuto na kutoka kwa kishindo. Wenyeji huita mafuriko hayo jökulhlaup, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua jina hilo lilivyo.

Karne za kalamu, 1104–1727

Walowezi kutoka Norwe walianza kuhamia kisiwani katika miaka ya 870 wakiwa na kondoo, ng'ombe na farasi. Ukristo ulipokubaliwa rasmi mnamo mwaka 1000, maandishi ya Kilatini yaliingia pamoja nao, na makasisi wakaanza kuandika kumbukumbu za kila mwaka: nani alifariki, meli gani ilizama, mlima gani uliwaka. Mlima Hekla ulipolipuka mwaka 1104, mashamba ya bonde la Þjórsárdalur yalifunikwa kwa majivu meupe. Mwaka 1362 ilikuwa zamu ya Öræfajökull, mlima mrefu kuliko yote nchini, uliovikwa barafu hadi kileleni. Wilaya nzima iliyokuwa na neema chini ya mlima huo iliangamia. Watu walipothubutu kurudi, mahali hapo palikuwa pameanza kuitwa Öræfi, nyika.

Mlima huohuo uliamka tena mwaka 1727, na safari hii alikuwepo shahidi. Jón Þorláksson, mchungaji wa Sandfell, alikuwa madhabahuni siku ya Jumapili mwezi Agosti alipohisi ardhi ikitikisika taratibu chini ya miguu yake. Alipofika kwenye mahubiri mtikisiko ulikuwa umezidi. Baadaye aliandika habari za maji yaliyoporomoka mlimani na vipande vya barafu vilivyotapakaa tambarare. Hakuwa na kipimo chochote mkononi, lakini alitaja siku, mahali na mfuatano wa mambo: mtikisiko kwanza, maji baadaye, majivu mwisho. Miaka mia mbili na zaidi mbele, wataalamu waliokuwa na vipimo vya kila aina walimsoma kwa makini kuliko walivyosoma vitabu vingi vya chuo kikuu.

Mchungaji wa moto, 1783–1784

Asubuhi ya tarehe 8 Juni 1783, Jumapili ya Pentekoste, wingu jeusi lilipanda kutoka kaskazini mwa wilaya ya Síða, kusini-mashariki mwa nchi. Ardhi ilikuwa imeanza kufunguka katika mstari wa Laki, mpasuko ambao mwishowe ulifikia urefu wa kilomita 27 na kreta zaidi ya mia moja. Mto Skaftá, uliokuwa ukinguruma kwenye korongo lake, ulikauka. Kisha mahali pa maji pakaja lava, ikalijaza korongo na kumwagikia mashambani.

Mchungaji wa Kirkjubæjarklaustur, Jón Steingrímsson, aliandika aliyoyaona siku baada ya siku. Aliandika kuhusu mvua iliyotoboa majani na kuunguza ngozi, na kuhusu kondoo waliovimba taya na kuota vinundu kwenye mbavu. Leo tunajua kuwa hiyo ilikuwa sumu ya florini iliyoshuka na majivu juu ya nyasi. Tarehe 20 Julai, lava ikikaribia kanisa, aliwakusanya waumini akaongoza ibada waliyodhani ni ya mwisho. Walipotoka nje, lava ilikuwa imesimama. Wanajiolojia husema maji ya mito yaliipooza na nguvu ya mlipuko ilikuwa imehamia upande mwingine wa mpasuko. Wenyeji wana maelezo yao, na mpaka leo humkumbuka kama mchungaji wa moto.

Mlipuko uliendelea hadi tarehe 7 Februari 1784. Lava ilifunika karibu kilomita za mraba 600, na gesi ya salfa dioksidi iliyotoka inakadiriwa kufikia tani milioni 120. Zaidi ya nusu ya mifugo ilikufa, ikafuata njaa. Katika nchi ya watu wapatao 50,000, mtu mmoja kati ya watano hivi alifariki. Ukungu wenye harufu ya kiberiti ulitanda Ulaya kiangazi chote, na Benjamin Franklin, aliyekuwa Paris, aliandika mwaka 1784 kwamba huenda volkano ya Aisilandi ndiyo iliyousababisha, na pia ndiyo iliyoleta baridi kali iliyofuata.

Nchi ilikuwa ikitawaliwa na Denmark, na habari zilisafiri kwa merikebu. Yaliyotokea Síða yaliwafikia watawala wakati wenyeji walikuwa tayari wanazika. Hapo lilizaliwa swali ambalo limeifuata historia hii yote: kujua ni jambo moja, je, habari itafika kwa nani, na kwa muda gani?

Daktari, mfanyabiashara na waya wa baharini, 1794–1920

Miaka kumi baada ya Laki, daktari Sveinn Pálsson alipanda Öræfajökull. Akiwa juu aliitazama barafu iliyokuwa ikiteremka bondeni, akatambua kuwa haikusimama mahali pamoja. Ilikuwa ikitiririka, ijapokuwa kwa mwendo ambao jicho haliuoni. Mwaka 1795 alikamilisha kitabu juu ya barafuto za nchi yake na kupeleka mswada Copenhagen. Ulikaa kabatini miongo mingi, na wakati huo wataalamu wa nchi za Alps wakajipatia sifa kwa kugundua yaleyale. Bila shaka hilo ni mojawapo ya madeni ambayo historia ya sayansi haijamlipa mtu wa pembezoni.

Upimaji wa kila siku ulianza kwa uvumilivu wa watu wachache. Jón Þorsteinsson, mganga mkuu wa nchi, alianza kupima hali ya hewa Reykjavík na kandokando yake mwaka 1820. Mwaka 1845 mfanyabiashara Árni Thorlacius alitundika kipimajoto katika mji mdogo wa bandari wa Stykkishólmur, mahali alipokuwa amejenga nyumba kwa mbao zilizoletwa kutoka Norwe. Alisoma joto kila siku. Mwaka 1856 akaongeza mvua. Hakutegemea malipo. Rekodi ya Stykkishólmur ndiyo ndefu kuliko zote nchini zilizoendelea bila kukatika, na leo mtu akisema Aisilandi imepata joto kiasi fulani tangu karne ya 19, kwa sehemu kubwa anategemea macho ya mfanyabiashara yule na ya waliopokea kazi baada yake.

Kilichokosekana ni kasi. Taasisi ya hali ya hewa ya Denmark iliundwa mwaka 1872 na kuvichukua vituo vya Aisilandi, lakini takwimu zilipofika Copenhagen kwa meli, dhoruba ilikuwa imeshapita na mashua zimeshazama. Wavuvi wa Aisilandi walikuwa wakifa baharini kila mwaka kwa dhoruba ambazo hakuna aliyezitabiri. Mwaka 1906 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Shetland kupitia visiwa vya Faroe ulifika Seyðisfjörður, na kwa mara ya kwanza kisiwa kikaweza kutoa na kupokea habari za hewa kwa siku hiyohiyo.

Tarehe 12 Oktoba 1918, volkano ya Katla ililipuka chini ya barafuto ya Mýrdalsjökull. Ulikuwa msimu wa kukusanya kondoo, na wachungaji wa Álftaver walikuwa uwandani juu ya farasi. Walisikia mngurumo, wakageuka, wakaona maji yamebeba barafu yakiwajia. Walipiga mbio wakaponea chupuchupu. Mchanga na mawe yaliyoshuka yaliusogeza ufuo kuingia baharini kilomita kadhaa. Mwaka huohuo Aisilandi ilitambuliwa kuwa dola yenye mamlaka yake chini ya mfalme wa Denmark, na tarehe 1 Januari 1920 ikafungua ofisi yake ya hali ya hewa, Veðurstofa Íslands, chini ya mkurugenzi Þorkell Þorkelsson. Kazi yake ya kwanza ilikuwa hewa na bahari. Matetemeko yaliongezwa baadaye. Maji na barafuto vilikuwa bado mikononi mwa wengine.

Watu wa barafuto, 1930–1972

Mtaalamu wa hewa Jón Eyþórsson ndiye aliyeanzisha, mwaka 1930, utaratibu ambao kwa maoni yangu ndio ulioipa Aisilandi elimu kubwa kwa gharama ndogo kuliko mwingine wowote. Aliwaomba wakulima wanaoishi karibu na barafuto wajenge rundo la mawe mbele ya ncha ya barafu, na kila vuli wapime kwa kamba umbali kati ya rundo na ncha. Hakuna mashine, hakuna shahada. Mkulima aliandika namba kwenye karatasi akaituma kwa posta. Baba alipozeeka, mtoto aliichukua kamba.

Mwaka 1947 upimaji wa mito uliwekwa chini ya ofisi ya serikali iliyoongozwa na Sigurjón Rist, mtu aliyezunguka nchi nzima akipima vina na kasi ya maji ambayo wahandisi wa umeme walikuwa wakiyataka. Septemba 1950 ndege ya mizigo iitwayo Geysir ilianguka juu ya Bárðarbunga, ndani kabisa ya Vatnajökull, na wote sita waliokuwamo wakaokolewa baada ya siku kadhaa. Taifa zima lilikuwa limekaa kwenye redio. Miezi miwili baadaye Jón Eyþórsson na wenzake waliunda chama cha utafiti wa barafuto. Tangu 1953 chama hicho hupanda Vatnajökull kila masika hadi Grímsvötn, ziwa lililofichwa chini ya barafu juu ya volkano, kupima maji yamepanda kiasi gani. Wengi wa washiriki wamekuwa watu wa kujitolea: mafundi, walimu, madereva.

Upande wa moto, mwanajiolojia Sigurður Þórarinsson alichimba udongo na kusoma matabaka ya majivu. Kila mlipuko huacha utepe wake wa rangi. Akiulinganisha na kumbukumbu za makasisi, aliweza kusema tabaka hili ni Hekla ya 1104 na lile ni Öræfajökull ya 1362. Kalamu za zamani zikawa kalenda ya ardhini.

Usiku wa Heimaey, 1973

Siku mbili kabla ya janga, mashine za kupima matetemeko zilichora mitikisiko midogo. Shida ilikuwa uchache wa vituo. Kwa vituo viwili tu unaweza kujua tetemeko liko umbali gani kutoka kila kimoja, na ukichora duara la umbali huo kuzunguka kila kituo, duara hizo mbili hukatana mahali pawili. Kwa hiyo wataalamu walibaki na majibu mawili: ama nyanda za juu zisizo na watu, ama kwenye visiwa vya Vestmannaeyjar. Kituo cha tatu kingemaliza ubishi.

Mnamo saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 23 Januari 1973, ardhi ilipasuka kwenye kisiwa cha Heimaey, mita mia chache tu kutoka nyumba za mwisho za mji. Watu 5,300 waliamshwa na king'ora. Kilichowaokoa ni bahati: siku iliyotangulia kulikuwa na dhoruba, hivyo mashua zote za uvuvi zilikuwa bandarini. Kufikia asubuhi karibu mji mzima ulikuwa umevushwa hadi bara. Mtu mmoja alikufa kwa gesi, na nyumba zipatazo 400 zikafukiwa au kuungua.

Lava ilipoanza kuifunga bandari, ambayo ilikuwa uti wa mgongo wa uvuvi wa taifa, mwanafizikia Þorbjörn Sigurgeirsson alishauri imwagiwe maji ya bahari. Wengi walicheka. Pampu zilifanya kazi miezi kadhaa, ukingo wa lava ukaganda, na mlango wa bandari ukabaki wazi; ulitoka hata na kinga nzuri zaidi dhidi ya mawimbi. Mlipuko ulikoma mwanzoni mwa Julai.

Baada ya Heimaey hakuna waziri aliyehitaji kuelezwa kwa nini vituo viwili havitoshi.

Nchi yawekewa masikio, 1975–2000

Miaka ya volkano ya Krafla, 1975 hadi 1984, ilikuwa shule. Kaskazini mwa nchi ardhi ilivimba, ikashuka ghafla, ikavimba tena, na mara tisa lava ilitoka juu. Kwa kupima mwinuko wa ardhi, wataalamu walijifunza kuwa volkano huvuta pumzi kabla ya kulipuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya Ragnar Stefánsson na kwa ushirikiano wa nchi za Nordiki, ulianza kujengwa mtandao wa vituo vya tetemeko vinavyojiendesha vyenyewe katika tambarare ya kusini. Kompyuta ilipokea, ikapanga na kuonyesha kitovu bila kumngoja mtu.

Lakini pigo lililobadilisha sheria halikutoka kwenye volkano. Januari 1995 theluji iliporomoka juu ya kijiji cha Súðavík katika fiodi za magharibi na kuua watu 14. Oktoba mwaka huohuo ikaporomoka Flateyri na kuua 20. Vifo 34 katika nchi ya watu wasiofika 270,000, tena ndani ya nyumba ambazo ziliaminika kuwa mahali salama. Serikali iliikabidhi ofisi ya hali ya hewa jukumu la kutathmini hatari ya theluji na kuamua lini watu wahamishwe. Juu ya Flateyri yalijengwa matuta makubwa ya udongo. Tangu hapo ofisi iliyokuwa ikitabiri ikawa ofisi inayoamua nani alale wapi.

Mwaka uliofuata ukaleta mtihani wa maji. Tarehe 30 Septemba 1996 mlipuko ulianza Gjálp, chini ya Vatnajökull. Barafu yenye unene wa mita zaidi ya 500 ilitobolewa kwa muda wa kama siku moja na robo. Maji hayakutoka, yaliteremkia chini kwa chini hadi ziwa la Grímsvötn. Helgi Björnsson na wenzake walikuwa wameshachora, kwa mawimbi ya redio, ramani ya ardhi iliyo chini ya barafu, kwa hiyo walijua yatapitia wapi. Lini, hawakujua. Waandishi wa habari wa dunia walikodi vyumba, wakangoja, wakachoka, wengi wakaondoka.

Asubuhi ya tarehe 5 Novemba maji yalitoka. Katika saa chache yalifikia karibu mita za ujazo 50,000 kwa sekunde, kiasi kinachozidi wastani wa Mto Kongo, yakipita kwenye uwanda wa mchanga wa Skeiðarársandur, yakibeba vipande vya barafu vyenye kimo cha zaidi ya mita 10. Barabara ya kuzunguka nchi ilikuwa imekamilika hapo mwaka 1974 kwa fahari kubwa. Daraja la Gígjukvísl lenye urefu wa mita 376 lilisombwa lote, na lile la Skeiðará likapoteza mita 176. Hakuna aliyekufa, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Baadhi ya vyuma vilivyopindika viliachwa kando ya barabara, na watalii hupiga picha hapo.

Hekla nayo haitoi muda. Jioni ya tarehe 26 Februari 2000 matetemeko madogo yalianza, kisha chombo kilichozikwa ndani ya kisima cha mwamba, kinachohisi mwamba ukibanwa, kikaonyesha magma inapanda. Idara ya ulinzi wa raia iliarifiwa saa 11:53, redio ikatangaza, saa 12:17 mlima ulilipuka. Ulikuwa utabiri wa kupigiwa makofi. Kesho yake umati wa wakazi wa Reykjavík uliondoka na magari kwenda kuutazama moto, ukakwama usiku kucha kwenye tufani ya theluji njiani kurudi. Wa kuokolewa wakawa watazamaji.

Paa moja na wingu la majivu, 2009–2015

Tarehe 1 Januari 2009 ofisi ya hali ya hewa na ofisi ya upimaji wa mito ziliunganishwa. Sasa hewa, maji, barafuto, theluji, matetemeko na volkano vilitazamwa kutoka chumba kimoja Reykjavík, usiku na mchana. Mzee aliyeishi kando ya mto wa barafuto alijua mafuriko yanakuja aliponusa salfa. Kipima cha leo ndani ya mto hutafuta kitu hichohicho: maji yaliyogusa volkano hubeba chumvi za madini, nayo hupitisha umeme vizuri zaidi. Namba ikipanda ghafla saa 9 usiku, mtu wa zamu huona.

Ofisi mpya haikupewa hata miaka miwili ya kupumzika. Tarehe 14 Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ilitoboa barafu yake. Watu wapatao 800 walikuwa wamehamishwa kabla maji hayajateremka. Kwenye Mto Markarfljót, dereva wa katapila aliikata barabara makusudi ili maji yapite hapo na kuliacha daraja, na daraja likapona. Hadi hapo mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Majivu ndiyo hayakuwa na mpango. Anga la Ulaya lilifungwa kwa siku kadhaa, safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa, na abiria kama milioni 10 wakaathirika. Nchini Kenya maua ya waridi yaliyovunwa Naivasha yalikwama Nairobi bila ndege ya kuyapeleka Amsterdam. Mengi yalitupwa, na vibarua wakaambiwa wabaki nyumbani. Mlima ambao karibu hakuna mtu wa Naivasha aliyeweza kulitamka jina lake ulikuwa umemkatia ujira wa wiki.

Nchi ilikuwa na rada moja tu ya hali ya hewa, Keflavík, upande wa kusini-magharibi, na ndiyo iliyotegemewa kupima urefu wa wingu la majivu. Baada ya 2010 ziliongezwa nyingine, zikiwemo za kuvutwa kwa gari. Agosti 2014 volkano ya Bárðarbunga ilipoanza kutikisika, dunia nzima iliweza kufuata kwenye kompyuta jinsi magma ilivyosafiri chini ya ardhi kilomita 48 kwa muda wa wiki mbili hivi, nukta baada ya nukta, hadi ikatokeza Holuhraun, nje ya barafu. Laiti ingetokeza kilomita chache kusini, yangekuwa mafuriko. Lava ilitiririka miezi sita na kufunika karibu kilomita za mraba 85, kubwa kuliko yoyote nchini humo tangu Laki. Gesi ilikuwa nyingi, lakini safari hii kila siku ilitolewa ramani ya kuonyesha upepo utaipeleka wapi, na wazazi walijua lini watoto wabaki ndani.

Barafu inayoondoka

Namba za wakulima wa Jón Eyþórsson zilianza kusema kitu kimoja kuanzia katikati ya miaka ya 1990: ncha zinarudi nyuma, karibu kila mahali. Kwa makadirio ya watafiti, tangu mwishoni mwa karne ya 19 barafuto za Aisilandi zimepoteza kiasi cha asilimia 16 ya ujazo wake, na karibu nusu ya hasara hiyo imetokea tangu miaka hiyo ya 1990. Mwaka 2014 Oddur Sigurðsson, mtaalamu wa barafuto katika ofisi ya hali ya hewa, alitangaza kuwa Okjökull si barafuto tena: iliyokuwa na kilomita za mraba 16 hivi mwaka 1890 ilibaki kipande kilichoshindwa hata kujisogeza kwa uzito wake. Agosti 2019 liliwekwa hapo bamba la kumbukumbu, waziri mkuu Katrín Jakobsdóttir akiwepo.

Matokeo yake hayaishii kwenye mandhari. Mwaka 2009 ncha ya barafuto ya Skeiðarárjökull ilirudi nyuma kiasi kwamba Mto Skeiðará ukaacha njia yake na kujiunga na Gígjukvísl. Daraja refu kuliko yote nchini likabaki juu ya mchanga mkavu. Ardhi iliyopunguziwa uzito nayo inainuka: mji wa Höfn hupanda zaidi ya sentimita moja kwa mwaka, na manahodha wanalalamika kuwa mlango wa bandari unazidi kuwa na kina kifupi. Mzigo wa barafu ukipungua, miamba ya chini hupata nafasi ya kuyeyuka zaidi na kutengeneza magma zaidi. Enzi ya barafu ilipokwisha, milipuko iliongezeka sana kisiwani. Ndiyo maana mpimaji wa barafu na mpimaji wa moto hukaa ofisi moja.

Rasi ya Reykjanes yaamka, 2020–2025

Rasi ya Reykjanes, jirani na mji mkuu na uwanja wa ndege wa kimataifa, ilikuwa haijatoa lava kwa takriban miaka 800. Januari 2020 ardhi karibu na Mlima Þorbjörn ilianza kuvimba, na ofisi ikatangaza hadharani bila kungoja uhakika. Tarehe 19 Machi 2021 lava ilitoka Fagradalsfjall, bondeni, mbali na nyumba, na watu wakaenda kuitazama kama tamasha.

Tarehe 10 Novemba 2023 tamasha liliisha. Tangu alasiri mji wa wavuvi wa Grindavík ulitikiswa bila kukoma. Vipimo vya setilaiti na matetemeko vilionyesha magma inaingia kwenye ufa wa kilomita 15 unaopita chini ya mji wenyewe. Baadaye watafiti walikadiria kuwa kwa saa kadhaa iliingia kwa kasi ya mita za ujazo 7,400 kwa sekunde. Usiku huo wakazi wote, karibu 3,800, waliamriwa kuondoka, na waliondoka. Mitaa ilipasuka, sehemu ya mji ikazama zaidi ya mita moja. Mlipuko wenyewe ulikuja tarehe 18 Desemba. Tarehe 14 Januari 2024 lava ilitoka upande wa ndani wa kuta za udongo zilizokuwa zikijengwa na kuteketeza nyumba tatu mbele ya kamera za televisheni, bila mtu hata mmoja ndani. Tarehe 8 Februari ilikata bomba la maji ya moto, na zaidi ya watu 20,000 wakakaa bila joto majumbani katikati ya baridi.

Kufikia Agosti 2025 milipuko ilikuwa imetimia tisa kwenye mstari wa ufa huo. Ofisi ilijifunza kuhesabu: magma huingia chini ya eneo la Svartsengi, jirani na mji, ardhi huvimba, na ujazo ukikaribia ule uliotoka mara iliyopita, onyo hupandishwa. Saa yenyewe haijulikani. Safari nyingine kati ya matetemeko ya kwanza na moto imepita chini ya saa moja. Kuta za udongo zimeendelea kuinuliwa kuzunguka mji na kituo cha umeme wa jotoardhi. Serikali iliunda kampuni ya kununua nyumba za wenyeji, na wengi wao wameuza. Ramani ya hatari ya Grindavík, iliyogawanywa kwa rangi, hutolewa upya kila hali inapobadilika, na ofisi imeshasema wazi kuwa rasi hiyo inaweza kuendelea hivi kwa miongo, pengine karne.